Mlango wa Nyuma wa Moyo

Mjomba wangu alifanya kazi ya ufundi wa mabomba kwa miaka 34, na siku alipochorewa moyo wake kwenye karatasi aliuangalia jinsi ambavyo angeangalia sinki ya mtu iliyoziba. Daktari alikuwa na kalamu mbili. Kwa nyekundu alichora ateri, ile mishipa inayoupelekea moyo damu yenye oksijeni. Kwa buluu alichora vena, zinazoirudisha damu ikishatumika. Kisha akaanza kupiga alama za x kwenye mistari myekundu, moja, ya pili, ya tatu, mpaka kule mwisho ambako mstari ulikuwa mwembamba kama uzi.

"Mzee, hapa hatuna pa kuweka stenti," alisema. "Wala hakuna kipande kizima cha kuunganishia mshipa mwingine. Tutaendelea na dawa."

Mjomba aliweka kidole kwenye buluu. "Na hizi, daktari? Hizi nazo zimeziba?"

"Hizo hapana. Hizo huwa hazigandi mafuta."

"Sasa si mpitishie damu huku."

Daktari alicheka, si kwa dharau, akaeleza kwamba huko damu haiendi, inarudi. Nje foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi. Tukachukua dawa, tukaondoka. Tulipokuwa ndani ya matatu ndipo mjomba aliporudia hoja yake, sauti chini, mkono kifuani kama alivyozoea tangu ule mshtuko wa moyo: "Bomba ni bomba, mpwa wangu. Maji hayajui kwenda wala kurudi. Yanajua presha tu."

Nilitaka kumjibu kwamba mwili si jengo. Afadhali nilinyamaza, kwa sababu usiku huo nilikaa na simu nikisoma, na kumbe swali la mjomba lina zaidi ya miaka 120. Limeulizwa na watu wenye majina makubwa. Limejibiwa "ndiyo" na watu wakafa, likajibiwa "hapana" likawekwa kando, na mpaka leo halijafungwa.

Hebu tuanze na ramani. Moyo umejaa damu lakini hauwezi kunywa ile iliyomo ndani ya vyumba vyake, isipokuwa kidogo sana. Hulishwa na ateri mbili zinazochipuka mwanzoni kabisa mwa aota na kutawanyika juu yake kama mizizi. Ateri moja ikiziba ghafla, mara nyingi kwa sababu donge la damu limeganda mahali ambapo mafuta ya ukutani yamepasuka, msuli ulio mbele ya hapo hukosa oksijeni. Ndani ya nusu saa hivi seli huanza kufa, na kifo husambaa kutoka upande wa ndani wa ukuta kuelekea nje kwa saa kadhaa. Panapokufa hapaoti tena. Panabaki kovu, na kovu halipigi.

Upande wa pili, damu iliyotumika hukusanywa na vena, na nyingi huishia kwenye mfereji mmoja mpana ulio nyuma ya moyo. Wataalamu huuita sainasi ya koronari; mimi nitauita mfereji. Unamwaga damu kwenye chumba cha juu cha kulia, na mlangoni pake pana vali nyembamba yenye jina la Mjerumani Adam Christian Thebesius, ambaye mwaka 1708 aliandika juu ya mzunguko wa damu ndani ya moyo. Jina lake pia limebaki kwenye mishipa midogo sana iliyomo kwenye kuta za moyo, ambayo humwaga damu moja kwa moja vyumbani bila kupitia mfereji. Ikumbuke hiyo mishipa midogo. Itatuharibia mambo baadaye.

Mwaka 1898 mtafiti wa Harvard aitwaye Frederick Pratt aliutoa moyo wa paka mwilini na kuupa damu kupitia vena zake, kinyume cha njia, kama matatu inayopanda upande usio wake asubuhi ya Jumatatu. Moyo uliendelea kupiga. Kwa jaribio bora zaidi ulidumu kiasi cha dakika 90. Yaani kapilari, vile vijishipa vya katikati ambamo oksijeni hukabidhiwa msuli, hazikujali mlango uliotumika. Mjomba angesema alijua.

Lakini kutoka moyo wa paka kwenye meza ya maabara hadi binadamu anayeshindwa kupanda ngazi ni mbali, na aliyejaribu kuivuka njia hiyo zaidi ya wote ni Claude Beck, daktari wa upasuaji katika jiji la Cleveland, Ohio. Wengi wakimkumbuka Beck humkumbuka kwa kisa cha 1947, moyo wa mvulana wa miaka 14 ulipoanza kutetemeka ovyo mezani naye akaugutusha kwa umeme mpaka ukashika mpigo wake tena, mara ya kwanza kwa binadamu kuokolewa hivyo. Ni stori nzuri, inastahili. Ila Beck mwenyewe alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akihangaikia jambo jingine: mtu ambaye ateri zake zimeziba, utampelekea damu kwa njia gani?

Wazo lake la kwanza lilitoka kwenye ajali ndogo ya macho. Alikuwa akikata kovu lililouganisha moyo wa mgonjwa na utando unaoufunika, akaona kovu lile linatoka damu ncha zote mbili. Maana yake mishipa mipya ilikuwa imevuka daraja. Basi akafikiri, kama kovu linaweza kuleta damu, tutengeneze kovu kwa makusudi. Februari 1935 alifungua kifua cha mgonjwa, akaukwaruza uso wa moyo, akashonea juu yake kipande cha msuli wa kifua chenye mishipa yake. Baadaye alinyunyizia hata unga wa asbesto ili moyo uwashwe na kuota mishipa. Ndiyo, asbesto. Tukiwa na haraka ya kucheka, tukumbuke kwamba wakati huo mtu wa aina hiyo alipewa vidonge vya kutuliza maumivu, akaambiwa apumzike, na mara nyingi hapo ndipo matibabu yalipoishia.

Wazo la pili ndilo la mjomba. Mwishoni mwa miaka ya 1940, baada ya mbwa wengi, Beck alianza kuwafanyia binadamu operesheni ya awamu mbili. Awamu ya kwanza: alikata kipande cha mshipa kutoka sehemu nyingine ya mwili wa mgonjwa, akaunganisha ncha moja kwenye aota na nyingine kwenye ule mfereji wa nyuma. Damu nyekundu yenye presha ya aota sasa iliingia kwenye mishipa ya buluu. Awamu ya pili, wiki kadhaa baadaye: alirudi ndani na kuubana mdomo wa mfereji, ubaki upenyo mdogo tu, ili damu isikimbilie chumba cha kulia bali irudi nyuma kuelekea msulini.

Ukiichora kwenye karatasi inapendeza. Mimi niliichora, nikaona hata fundi wa mwaka wa kwanza angeielewa.

Mwilini, mambo yalikuwa mengine. Kwanza, kufungua kifua mara mbili, kwa mtu ambaye moyo wake tayari umeumia, kwa vifaa vya enzi hizo, kuliua watu wengi mno. Pili, ile mishipa midogo ya Thebesius. Damu iliyosukumwa kinyume ilipata njia za mkato, ikamwagika vyumbani bila kupita kwenye kapilari, kama maji ya kaunti yanayopotelea ardhini kabla ya kufika kwa mwananchi. Vena za moyo pia zimeungana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo unaweza kupeleka damu huku ikatokea kule bila kumlisha yeyote. Upande wa kulia wa moyo haukunufaika sana, maana vena zake nyingi hazipitii mfereji huo kabisa.

Na tatu, hili ndilo lililonikalisha. Vena huwa safi kwa sababu presha yake ni ndogo. Hilo ndilo daktari wetu hakupata muda wa kulieleza, na ndilo jibu la kweli kwa "bomba ni bomba". Ukuta wa vena haukujengwa kustahimili kishindo cha aota. Ukiupa kishindo hicho, msuli unaweza kuvimba na kuvuja damu, na vena yenyewe huanza kunenepa kuta, kupungua nafasi, na hatimaye kuziba. Ndivyo ilivyoonekana kwa mbwa waliochunguzwa miezi baada ya operesheni. Ule usafi uliotamaniwa ulitoweka kwa sababu ya kutumiwa.

Kufikia katikati ya miaka ya 1950 Beck aliiacha operesheni hiyo, akarudia ile ya makovu, safari hii akiongeza kuubana mfereji kidogo. Wagonjwa wake wengi walimwambia maumivu yamepungua. Aliwaamini. Wewe ungefanyaje? Mtu alikuja ameshika kifua, sasa anatembea mpaka kanisani na kurudi.

Hapa inabidi nitoke kwenye mishipa kidogo, kwa sababu bila kisa kifuatacho huwezi kuelewa kwa nini mlango wa nyuma ulichukua miaka mingi hivyo kufunguliwa tena. Miaka ileile ya 1950 palikuwa na operesheni nyingine iliyopendwa Marekani: unafunga ateri fulani ya ukuta wa kifua, kwa imani kwamba damu itageuzia njia yake kwenye moyo. Ilikuwa rahisi, na wagonjwa walisifu. Mwaka 1959 daktari Leonard Cobb na wenzake wa Seattle walichapisha jaribio la watu 17. Baadhi walifungwa ateri. Wengine walichanjwa ngozi tu, wakashonwa, na hawakuambiwa. Makundi yote mawili yalipata nafuu ileile. Waliochanjwa ngozi peke yake nao walitembea zaidi, nao walipunguza vidonge.

Leo jaribio la namna hiyo lingeulizwa maswali mazito ya maadili kuhusu ridhaa. Hata hivyo liliacha mwiba ambao haujatoka: maumivu ya kifua hupungua mtu akiamini ametibiwa. Ushahidi wote wa Beck wa "nasikia nafuu" ukawa mashakani papo hapo, na hapakuwa na njia ya kuutetea, kwa sababu Beck hakuweza kuona ndani ya ateri za mtu aliye hai. Alikuwa akifanya kazi gizani.

Taa iliwashwa mwaka uliotangulia, 1958, katika jiji hilohilo la Cleveland, hospitali nyingine, Mason Sones alipomwingizia mgonjwa rangi ya eksirei ndani ya ateri ya moyo kwa bahati mbaya na kugundua kwamba mgonjwa hakufa na picha imetoka safi. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1967 René Favaloro, Mwajentina aliyewahi kuwa daktari wa kijijini kwa miaka, alianza hapohapo Cleveland kutumia vena ya mguu kuruka sehemu iliyoziba ya ateri. Kwa hiyo vena ilishinda, ila ni ya mguu, ikivishwa sare ya ateri na kupelekwa mlango wa mbele. (Na ndiyo, hata hiyo huzeeka na kuziba kwa miaka, kwa sababu ileile.) Mwaka 1977 Andreas Gruentzig akapitisha puto ndani ya ateri ya mgonjwa huko Zurich, bila kupasua kifua. Nani tena angehangaika na mlango wa nyuma?

Walihangaika wachache, na baadhi yao hawakuwa wakitafuta tiba bali njia ya kufanya kazi. Mwaka 1956 C. Walton Lillehei wa Minneapolis alipokuwa akirekebisha vali ya aota, mahali ambapo mlango wa mbele umefunguliwa na huwezi kuutumia, aliulisha moyo kwa kupitia mfereji wa nyuma. Katika miaka ya 1980 Mfaransa Philippe Menasché na wengine waliifufua njia hiyo kupeleka dawa baridi yenye potasiamu inayousimamisha moyo na kuukinga wakati wa upasuaji, hasa pale ambapo ateri zimeziba na dawa haiwezi kupita kwa mbele. Hiyo ilikaa. Imo katika vitabu vya upasuaji wa moyo mpaka leo. Wazo la Pratt lilipata ajira ya kudumu, ya saa chache kwa wakati mmoja, na kwa presha ndogo inayochungwa kila dakika. Nadhani siri ilikuwa hapo: vena inakubali kugeuzwa ukiiomba kwa upole na usipokaa sana.

Huko Los Angeles, Samuel Meerbaum na Eliot Corday walijenga pampu iliyosukuma damu kwenye vena moyo unapolegea tu, kisha ikaiacha itoke moyo unapobana. Jijini Vienna, mwaka 1984, Werner Mohl alieleza mbinu nyingine: puto linafura ndani ya mfereji, presha inapanda mpaka kiwango fulani, puto linanywea, damu inatoka na takataka zake, halafu tena. Mbinu ya Mohl ilipata maana mpya baadaye, ilipoonekana kwamba hata ukizibua ateri kubwa mapema, vijishipa vya ndani vinaweza kubaki vimeziba na msuli ukaendelea kufa ateri ikiwa wazi. Kuvisafisha kwa kutokea nyuma lilionekana jambo la busara kabisa. Lakini jaribio la nasibu la miaka ya karibuni kwa watu waliopata mshtuko mkubwa wa upande wa mbele wa moyo halikuonyesha kovu likipungua. Wapo pia waliozitumia vena kupitisha seli, wakitumaini kovu lenyewe litaota msuli. Menasché huyohuyo alikuwa wa kwanza, mwaka 2000, kupandikiza seli za msuli wa paja kwenye kovu la moyo wa binadamu, yeye kwa sindano. Mpaka leo kovu halijarudi kuwa msuli kwa mtu yeyote kwa kiwango cha kutegemewa.

Na kisha, kile nilichompelekea mjomba.

Ni kifaa kidogo cha wavu wa chuma, kina umbo la saa ya mchanga, kiuno chake kina upana wa milimita 3. Kinapitishwa kwenye mshipa wa shingo mpaka ndani ya mfereji, na kinafanya jambo moja tu: kinaubana. Hakiingizi damu nyekundu popote. Presha ya nyuma inapanda kidogo, na nadharia inasema damu inayokuja kwa mbele hulazimika kugawanywa upya kuelekea sehemu za ndani za ukuta zenye njaa. Ni awamu ya pili ya Beck bila ile ya kwanza.

Safari hii waliogopa mwiba wa Cobb, wakajipima. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 104 wa aina ya mjomba, wasio na pa kuzibuliwa, nusu wakiwekewa kifaa na nusu wakifanyiwa maigizo ya operesheni, sasa kwa ridhaa yao. Waliopata nafuu ya angalau madaraja mawili ya maumivu walikuwa asilimia 35 kati ya waliowekewa, na asilimia 15 kati ya wasiowekewa. Mwaka 2024 kikundi cha Imperial College London kilichapisha jaribio jingine la aina hiyo, la watu 51. Maumivu yalipungua kwa waliowekewa. Walipopima mtiririko wa damu msulini, kipimo ambacho nadharia nzima ilikitegemea, hawakupata ongezeko walilolitarajia.

Nilimsomea mjomba haya yote Jumapili moja alasiri. Nilimweleza wazi kwamba kifaa hicho hakiondoi kovu, wala hakuna aliyeonyesha kwamba kinarefusha maisha. Kinashughulikia maumivu. Alisikiliza, kisha akanirudisha nyuma.

"Hao asilimia 15 hawakuwekewa kitu?"

"Hawakuwekewa."

"Na wakapata nafuu."

"Wakapata."

Alicheka mpaka akashika kifua, nami nikainuka, akaniashiria nikae. Kilipotulia aliniuliza kifaa kinapatikana wapi na ni pesa ngapi. Nikamwambia tutamwuliza daktari kliniki ijayo. Akaitoa ile karatasi ya kalamu mbili, ambayo kumbe alikuwa ameihifadhi ndani ya kitabu cha risiti zake za zamani, akatafuta penseli. Pale ambapo buluu yote inakutana, nyuma ya moyo, alichora kibano kidogo, na pembeni yake akaandika "mm 3", kwa zile tarakimu zake za kulala alizokuwa akiwaandikia vijana wake wa kazi kwenye kuta za nyumba ambazo hazijapigwa plasta.